Sura ya Nne: Wino wa Adui

Siku za bamvua, maji yakipwa, mkondo kati ya Chale na bara hupungua hadi trekta likavuka na wageni wa hoteli wamekaa kwenye tela. Yakijaa, ni mashua. Asubuhi ile maji yalikuwa ndiyo kwanza yanarudi, nami nilikuwa nimekaa chini ya mvinje upande wa bara nikikitazama kisiwa: huku mapaa ya makuti ya hoteli, kule msitu wa kaya, msitu mtakatifu wa wazee, mweusi, umeshikana, hauonyeshi njia. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja wa kaya, Mdigo, kofia yake ya kazi ya mkono ameilaza gotini ili upepo usiichukue. Mbele yetu kijana wa mashua alikuwa amechutama na simu.

"Mwalimu," kijana akaniambia, "eti huyu Yesu wenu hakuwahi kuwepo? Kuna mtu anaeleza hapa. Anasema ni hadithi tu, waliitunga."

Kabla sijajibu, mzee aligeuka. "Nani huyo hakuwepo? Nabii Isa?" Hakuuliza kwa hasira. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa kwamba Gazi, ile iliyo hapo nyuma ya mikoko, haipo.

Mimi ni Mkristo, na swali la kijana silo geni kwangu. Liliwahi kuninyima usingizi miezi mingi nilipolisoma mara ya kwanza. Lakini mshangao wa mzee ndio ulionifanya niiandike sura hii, kwa sababu ulinikumbusha kwamba pwani yetu imebishana juu ya Yesu muda mrefu sana bila kuligusa swali hilo. Miaka ya 1980 wahubiri wa Kiislamu kutoka Tanzania, akina Ngariba na Kawemba, walisimama viwanjani na Biblia mkononi. Kaseti za Ahmed Deedat wa Durban zikatazamwa kutoka Lamu hadi Lungalunga. Wachungaji nao wakajibu kwa vipaza sauti vyao. Walibishana kama Yesu ni Mwana wa Mungu au mtume. Walibishana kama alikufa msalabani, maana Qur'ani katika Sura ya An-Nisaa inakana kwamba Mayahudi walimuua au kumsulubu. Watu waligombana, wengine wakakamatwa, jirani wakanuniana. Lakini kwamba alizaliwa na Mariamu, akafundisha, akafuatwa na watu, pande zote mbili zilikubali kabla hata kipaza sauti hakijawashwa.

Shaka hii ilikomaa Ujerumani, na ilipita karibu nasi kuliko tunavyodhani. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa 1844 na kumzika mkewe Rosina hapo hapo mwaka huo huo, alisomea theolojia Tübingen na kumaliza 1834. Katika miaka yake ya mwisho pale, kijana mwingine alikuwa mkufunzi mjini humo: David Friedrich Strauss. Mwaka 1835 Strauss alianza kuchapisha kitabu chake juu ya maisha ya Yesu, akasema miujiza ya Injili haikutokea. Ni imani ya waumini iliyojivika umbo la hadithi. Strauss hakukana kwamba Yesu aliishi. Aliyepiga hatua hiyo huko Ujerumani ni Bruno Bauer, baadaye. Arthur Drews akaieneza kwa kishindo 1909, na siku zetu Mmarekani Richard Carrier ameitetea katika kitabu kinene cha 2014. Basi Krapf alipokuwa Rabai akiitafsiri Injili kwa Kiswahili, mji aliousomea ulikuwa unatetemeka.

Hoja ya wanaokana si ya kipuuzi, na anayeicheka hajaisoma. Wanasema hivi. Yesu hakuandika chochote. Injili ya kwanza, ya Marko, iliandikwa karibu mwaka 70, miaka 40 baada ya kifo chake, na Injili zote nne zilitoka bila mwandishi kujitaja ndani yake. Paulo, ambaye barua zake ni za miaka ya 50 na ndizo maandishi ya Kikristo ya kale kuliko yote, hasemi lolote juu ya Bethlehemu wala mifano ya mpanzi na mwana mpotevu. Kristo wake anaonekana zaidi mbinguni kuliko Galilaya. Philo wa Iskandaria, Myahudi msomi aliyeishi wakati ule ule, yuko kimya. Na dunia ya Warumi ilijaa hadithi za miungu waliokufa na kurudi. Kwa nini huyu asiwe mmoja wao?

Nilipomweleza hayo, mzee alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali ambalo wasomi wengi huchelewa kulifikia: "Angeandikwa na nani?"

Hapo ndipo ninapowafikiria wanawake wawili wa Kigiriama.

Mmoja ni Mekatilili wa Menza. Juu yake tuna miezi na miaka. Mwaka 1913 alizunguka akiwalisha watu kiapo wasiwatumikie Waingereza wala kuwatolea vijana wao. Oktoba mwaka huo akakamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa mbali, Kisii. Januari 1914 wakatoroka. Agosti 1914 serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti. Tunayajua haya kwa sababu ofisa mdogo wa serikali, Arthur Champion, aliwaandikia wakubwa wake akilalamika juu ya mwanamke huyu anayemharibia kazi. Hakumpenda. Hakutaka akumbukwe. Alitaka tu aondolewe njiani, na barua zake zikabaki kwenye jalada.

Mwingine ni Mepoho. Wagiriama husimulia kwamba kabla ya wazungu kuja alitabiri vyombo vitakavyopita angani na baharini na watu wenye nywele mithili ya katani, kisha ardhi ikafunguka akazama. Mepoho hana jalada. Aliishi kabla ya ofisi, kabla ya karani wa kumlalamikia. Mtu akiniuliza kama alikuwepo, nitasema simulizi lake naliheshimu, lakini nikiambiwa niape mahakamani nitanyamaza.

Tofauti ya wanawake hawa wawili si ukubwa. Ni kwamba mmoja alimkera mtu mwenye kalamu. Na tazama jambo la pili. Juu ya Mekatilili kuna kisa cha kifaranga: kwamba alikwenda baraza na kuku mwenye vifaranga, akamwambia mzungu achukue kifaranga kimoja aone mama atafanya nini, na kuku akamdonoa mkono. Wapo wanaokiongezea kila wanapokisimulia. Tuseme basi kisa hicho kimetiwa chumvi, au hakikutokea kabisa. Je, Mekatilili anafutika? Chumvi hutiwa kwenye chakula kilichopo. Mimi Strauss namwelewa hivyo hivyo: anaweza kuwa sahihi juu ya hadithi nyingi, na mtu aliyesimuliwa akabaki palepale.

Sasa tutafute jalada la Yesu. Kwanza tujue jalada la watu wa Galilaya ya karne ya kwanza lilivyo tupu. Pontio Pilato alikuwa gavana wa Kirumi wa Uyahudi, jirani na Galilaya, kwa miaka 10, kuanzia 26 hadi 36, mwenye majeshi, mahakama na sarafu. Hadi 1961 hapakuwa na maandishi hata ya jiwe moja yenye jina lake. Mwaka huo wachimbaji wa Kaisaria wakafukua bamba la chokaa lililokuwa limegeuzwa na kutumiwa kama daraja la ngazi ya jumba la michezo, na humo jina lake limesomeka, na cheo chake. Ikiwa gavana mzima alibakia kwenye ngazi, fundi wa kijijini angebakia wapi?

Hata hivyo jalada lipo, na kama la Mekatilili, sehemu yake imeandikwa na wasiompenda. Karibu mwaka 116 Tacitus, mwanahistoria wa Roma, akieleza moto uliouteketeza mji huo mwaka 64, aliwataja Wakristo waliosingiziwa na Nero. Aliwadharau, imani yao aliiona ugonjwa. Ndani ya dharau hiyo akaeleza kwamba jina lao limetokana na Kristo, aliyeuawa kwa amri ya Pilato, Tiberius akiwa mfalme. Kuna udhaifu hapa, nao lazima usemwe: Tacitus aliandika miaka zaidi ya 80 baada ya tukio, na huenda alichukua habari kwa watu waliozisikia kwa Wakristo wenyewe. Zaidi ya hayo, cheo anachompa Pilato silo neno lililo kwenye jiwe la Kaisaria. Ushahidi wake ni mzito, lakini mtu hawezi kuuegemea peke yake.

Mimi ninaegemea pengine, kwa Yakobo.

Katika barua kwa Wagalatia, Paulo anajitetea dhidi ya watu wanaomwita mtume wa kuokota. Anaeleza safari zake kama mtu anayetoa hesabu: baada ya miaka mitatu alipanda Yerusalemu, akakaa na Kefa, yaani Petro, siku 15, na katika mitume wengine hakumwona ila Yakobo, ndugu wa Bwana. Kisha anaapa mbele za Mungu kwamba hasemi uongo. Hapa Paulo hakuwa akijaribu kuthibitisha kwamba Yesu aliishi; hakuna aliyemuuliza. Alikuwa akijaribu kuonyesha kwamba hawategemei watu hao wa Yerusalemu, na ingemfaa zaidi kutowataja kabisa. Ndugu wa Yesu akaponyoka kwenye kalamu yake kama jina la shemeji linavyoponyoka mtu akieleza ugomvi wa shamba.

Carrier anajibu kwamba "ndugu wa Bwana" ni jina la Mkristo yeyote aliyebatizwa, kama tunavyoitana ndugu msikitini au kanisani. Nililipima jibu hilo muda mrefu. Linakwama kwa Paulo mwenyewe: akiwaandikia Wakorintho anawataja ndugu wa Bwana na Kefa kama watu mbalimbali, na Kefa hakika alikuwa amebatizwa. Kuna ndugu, na kuna ndugu. Kila mtu wa pwani anaijua tofauti hiyo pale urithi unapogawanywa. Wakatoliki husema Yakobo alikuwa binamu, wengine husema mtoto wa Yusufu kwa mke wa kwanza. Sitaingia humo. Binamu wa mtu ambaye hakuwepo ni mgumu kumpata sawa na ndugu yake.

Halafu anakuja Flavius Josephus. Alizaliwa Yerusalemu mwaka 37 katika ukoo wa makuhani, na wala hakuwa Mkristo. Katika kitabu chake cha historia ya Wayahudi, kilichokamilika karibu mwaka 93, kuna mahali anapomsifu Yesu kwa maneno ambayo Myahudi asiyemwamini asingeyasema. Mkono wa mwandishi Mkristo umepita pale, na wasomi wengi wanakubali hivyo. Nami sitayatumia. Lakini sehemu nyingine, akieleza visa vya makuhani wakuu, anasema Anano alitumia mwanya wa kutokuwepo gavana mwaka 62 akamhukumu kupigwa mawe mtu aitwaye Yakobo, ndugu wa Yesu aliyeitwa Kristo. Kisa chenyewe ni cha siasa za ukuhani, na Yakobo ametajwa ili msomaji ajue ni Yakobo yupi. Josephus mwaka ule alikuwa na miaka kama 25, na huo ulikuwa mji wake. Ni kama mtu wa Msambweni kusimulia kifo kilichotokea Msambweni.

Kuna shahidi mwingine ambaye sijaona akipewa uzito wake. Katika karne ya pili Celsus, mpinzani mkali wa Wakristo, aliandika kitabu kizima kuwaangusha. Alisema Yesu alikuwa mtoto wa haramu wa askari aitwaye Panthera, akasema alikuwa mchawi aliyejifunza uganga Misri. Alichota kila taka iliyokuwepo. Neno moja tu ambalo lingemaliza mchezo wote, kwamba mtu huyu hakuwahi kuishi, hakulisema.

Na wafuasi nao walibeba mizigo ambayo mtunzi angeitupa. Anayetunga masihi hamleti kutoka Nazareti, kijiji ambacho Agano la Kale halikitaji. Hamtumi kwa Yohana kubatizwa kwa ondoleo la dhambi, mpaka Mathayo ikambidi amwongezee Yohana maneno ya kukataa kwanza. Na hamtundiki msalabani, kifo cha watumwa na waasi, kisha akaanza kuwahubiria watu kwamba huyo ndiye mfalme. Familia ikisimulia harusi ya bibi yao kwa fahari, nasikiliza. Ikisimulia aibu ambayo kila jirani anaijua na ambayo ingependa isahauliwe, nasikiliza zaidi.

Ndiyo maana jibu langu kwa kijana lilikuwa: aliishi. Alikuwa Mgalilaya, alibatizwa na Yohana, alikuwa na ndugu aitwaye Yakobo, na waliomwandika mapema wanasema aliuawa na Pilato. Kwa hili la mwisho mzee na mimi hatukubaliani, na sikutaka kulificha. Kama alifufuka ni jambo ambalo mzani huu hauna jiwe lake. Mimi ninaamini, lakini imani hiyo siiwekei ushahidi wa Tacitus.

Mzee akatikisa kichwa, kisha akanibana. "Na sisi je? Shungwaya nayo utaipima hivyo?"

Nilijua itafika hapo. Wadigo na Mijikenda wote husimulia kwamba walitoka Shungwaya, kaskazini, Somalia ya leo, wakafukuzwa na Wagalla, wakateremka na pwani hadi wakajenga kaya zao. Wadigo ndio waliotangulia, na Kinondo, hatua chache kutoka hapa, huitwa kaya ya kwanza. Misitu hiyo ya kaya ilianza kulindwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya mwaka 1992, na Kinondo ni miongoni mwa zile zilizoingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Simulizi hili si la mchezo. Watu wanazikwa nalo.

Lakini mzani ni mmoja au si mzani. Mwaka 1972 mwanahistoria R. F. Morton alihoji kwamba kabla ya ukoloni kushika, wengi wa Mijikenda hawakuandikwa wakidai Shungwaya. Krapf mwenyewe aliambiwa kwamba Warabai walitoka Rombo, upande wa Kilimanjaro. Thomas Spear akamjibu 1974, kisha katika kitabu chake cha 1978, akiyatetea masimulizi kwamba yana mshikamano wake. Neville Chittick alikwenda pwani ya kusini mwa Somalia kutafuta mabaki, na hakupata mji mkuu uliofanana na masimulizi. Wachimbaji wa bara la Mombasa na Kilifi wamekuta vyungu vya wakulima walioishi humo tangu milenia ya kwanza, bila dalili ya taifa zima kuingia mara moja. Na simulizi hili halina aibu inayolilinda. Linayaunganisha makabila tisa kuwa ya tumbo moja, na jina la Mijikenda lilishika kama jina la umoja miaka ya 1940, watu walipokataa kuitwa Wanyika. Simulizi linalomfaa msimuliaji siku ile ile analolisimulia lazima lilipe ushuru zaidi.

Kwa hiyo nilimwambia mzee ninavyoamini: mahali paitwapo Shungwaya palikuwepo, jina lake limo katika ramani za kale za Wazungu, huenda koo fulani zilitoka huko kweli na kuja na heshima yao, ila kwamba makabila yote tisa yalitoka siku moja kwa njia moja, siwezi kuapa. Ilinichoma kumwambia. Alinitazama muda mrefu.

"Fingo letu lilitoka wapi basi?" akauliza. Fingo ni kinga ya kaya, lililozikwa ndani ya msitu, na ambalo mtu kama mimi haruhusiwi kuliona.

"Huenda lilitoka huko, mzee wangu. Watu wachache wanaweza kubeba fingo."

Akalifikiria hilo. Maji yalikuwa yamefika kwenye mizizi ya mikoko, na kijana alikuwa amesimama, anaivuta mashua isikwame.

"Huyo Yakobo," mzee akasema, "ukoo wake uliendelea?"

Nikamsimulia alichoandika Hegesipo katika karne ya pili, kilichohifadhiwa na Eusebio. Kaisari Domitian alisikia kwamba kuna watu wa ukoo wa Daudi, jamaa za Yesu, akahofu watadai ufalme. Wakaletwa kwake wajukuu wa Yuda, ndugu mwingine wa Yesu. Akawauliza wana mali gani. Wakasema wana shamba la plethra 39, kwa wote wawili, wanalilima wenyewe na kulilipia kodi. Kisha wakamnyooshea mikono aone sugu. Kaisari akawadharau, akawaacha waende zao.

Mzee aliuliza plethra ni nini. Nikamwambia kwamba zote 39 hazifiki ekari 10.

"Ekari 10 kwa ndugu wawili," akasema, akiivaa kofia yake. "Na watoto wao je, waligawana vipi?"